Sinema ya Bure Bustanini: Jinsi ya Kuandaa Tamasha la Filamu la Mtaa, Hatua kwa Hatua

Kila ninapoitwa kusaidia tamasha la filamu la wazi, swali langu la kwanza ni moja: yule atakayetandika mkeka wake nyuma kabisa atasikia nini? Mara nyingi hakuna aliyemfikiria. Kamati imeshabishana wiki tatu kuhusu ukubwa wa skrini na rangi ya mabango, lakini mtu wa mkeka wa mwisho hana wa kumsemea kikaoni. Na mara nyingi huyo ndiye aliyechelewa kutoka kazini, au aliyejitenga pembeni kwa kuwa ana mtoto mchanga anayeweza kulia. Tamasha la bure ni lake kwanza. Mwongozo huu nimeuandika nikimtazama yeye.

Jipe miezi minne. Miwili inawezekana kama filamu zote ni za watu mnaowafahamu na mwenye bustani ni mwepesi wa kujibu barua, ila hutalala.

Hatua ya 1: Nenda bustanini usiku, ukae chini

Bustani unayoijua mchana siyo utakayoikuta saa tatu usiku. Kabla ya kuomba kibali chochote, nenda na mwenzako siku ileile ya juma na saa ileile mnayokusudia kuonyesha filamu. Kaeni pale mnapodhani mstari wa mwisho utakuwa, mnyamaze dakika 20. Vyura wa bwawani, jenereta ya jengo la jirani, ukumbi unaopiga muziki kila Jumamosi, njia ya ndege: vyote hivyo vitaingia ndani ya filamu yenu mtake msitake, na ni heri mvijue sasa.

Kisha angalieni taa. Watu huogopa mwezi, lakini mwezi hauna neno. Hata ukiwa mpevu mwanga wake hauzidi luksi 0.3 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Mwenye madhara ni taa ya njiani. Uliza mapema kama taa zilizo karibu na skrini zinaweza kuzimwa au kufunikwa kwa muda wa saa tatu, na nani ana ufunguo wa kisanduku chake. Chukua namba ya huyo mwenye ufunguo, usiridhike na namba ya ofisi, maana ofisi hufungwa jioni.

Uliza pia kuhusu vinyunyizio vya maji. Mwaka wangu wa kwanza hakuna aliyeuliza. Saa nne kasoro usiku, filamu iko katikati, nikasikia mlio mdogo kwenye nyasi, kama mtu anayepuliza hewa kati ya meno, halafu maji yakaruka kutoka kila upande kwa pamoja. Saa ya kuyafungulia ilikuwa imetegwa zamani na wote wameisahau. Projekta tuliiokoa kwa koti la mvua la mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu. Spika moja haikupona. Tangu hapo, jina la anayefunga maji huliandika juu kabisa ya karatasi yangu.

Skrini ielekee mashariki, yaani watazamaji watazame magharibi. Mwanga wa anga baada ya jua kuzama hubaki upande wa magharibi, na kitambaa kilichoelekea huko huupokea wote. Nyuma ya kitambaa funga turubai jeusi ili mwanga usipenye kutoka upande wa pili.

Upana wa skrini ndio uwe kipimo chako cha kupangia eneo. Mstari wa mbele uanzie umbali wa mara moja na nusu ya upana huo, na wa mwisho usizidi mara sita. Kwa skrini ya mita 5, mkeka wa kwanza unakuwa mita 7 na nusu, wa mwisho mita 30. Hesabu mita moja ya mraba kwa kila aliyekaa chini, toa njia za kupita, na eneo hilo litawatosha watu 300 hivi bila kubanana. Ukitarajia 600, usiwasukume nyuma gizani. Tafuta skrini kubwa zaidi, au rudia filamu usiku wa pili.

Hatua ya 2: Vibali

Mwenye bustani kwanza, kwa maandishi. Halafu polisi, zimamoto na mamlaka inayosimamia kelele, kwa kadiri sheria za mahali pako zinavyotaka. Nchi nyingi zina bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, na onyesho la bure halijasamehewa. Uliza mambo mawili ambayo husahaulika: saa ya mwisho ya kupiga sauti, na kama gari la wagonjwa linaweza kuingia hadi katikati ya nyasi bila kuzama kwenye udongo. Saa hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuamulia urefu wa filamu, kwa hiyo usichague filamu kabla ya kuijua.

Hatua ya 3: Haki ya kuonyesha filamu

Hapa matamasha mengi mazuri hujikwaa, na hujikwaa kwa nia njema. Watu husema: hatutozi kiingilio, kwa hiyo hatumkosei mtu. Sivyo. Ukinunua diski ya filamu umenunua ruhusa ya kuitazama nyumbani. Ukilipia huduma ya filamu mtandaoni kila mwezi, ni hivyohivyo. Kuionyesha mbele ya umma ni haki nyingine kabisa, na iko mikononi mwa aliyeitengeneza au aliyekabidhiwa kuisambaza. Msingi huu umo ndani ya Mkataba wa Berne, uliofikiwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, na karibu nchi zote duniani zimejiunga nao. Kutotoza kiingilio kunaweza kupunguza bei ya leseni. Hitaji la leseni linabaki palepale.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuanza na watengenezaji filamu wa karibu yenu. Wanafunzi, vikundi vya vijana, mtu aliyetengeneza filamu ya dakika 12 kwa fedha zake na hajawahi kuiona ikitazamwa na zaidi ya watu kumi. Tangaza kwamba unapokea filamu, weka tarehe ya mwisho miezi miwili kabla ya tamasha, na umtake kila mmoja atie sahihi kwenye karatasi moja inayosema mambo matatu: filamu ni yake, muziki uliomo ana ruhusa nao, na anakubali ionyeshwe tarehe fulani mahali fulani. Usiruke lile la muziki. Kijana anaweza kuwa amepiga kila picha kwa mkono wake, kisha akaweka chini yake wimbo maarufu alioupakua tu. Mweleze kwa upole, mpe wiki mbili abadilishe. Wengi hurudi na kitu bora kuliko cha kwanza, kilichopigwa na rafiki yao mwenye gitaa.

Kwa filamu za kampuni, angalia majina yanayopita mwishoni uone msambazaji ni nani, umwandikie. Barua fupi inatosha: jina la filamu, tarehe, mahali, idadi ya watazamaji mnaowategemea, kwamba hakuna kiingilio, na kama kuna wafadhili. Omba wakujibu kwa maandishi, wakutumie faili yenye sabtaitoli, na waseme kama mnaruhusiwa kutumia picha na jina la filamu kwenye mabango. Mikataba mingine inaruhusu onyesho lakini inakataza kutangaza jina la filamu hadharani. Soma kabla ya kuchapa.

Kuna pia kazi zilizo huru. Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1930 zimeshaingia katika milki ya umma huko, kwa kuwa ulinzi wake ni miaka 95 tangu kutolewa. Kwingineko hesabu ni tofauti. Nchi nyingi huhesabu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha watengenezaji wake wakuu, hivyo filamu iliyo huru Marekani inaweza kuwa na mwenyewe kwenu. Na jihadhari: nakala ya filamu bubu unayoikuta mtandaoni mara nyingi imewekewa muziki mpya, na muziki huo una mwenyewe. Zima sauti, tafuta wanamuziki wawili wapige papo hapo mbele ya skrini. Nimeona watoto wakisahau skrini na kumtazama mpiga ngoma, na sikuwa na moyo wa kuwageuza.

Mwisho kuna leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huziweka mwenyewe kuruhusu wengine waitumie bure kwa masharti. Yenye alama ya BY inakuruhusu kuonyesha mradi utaje jina la mwenye kazi. Yenye NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo kama kuna mfadhili mwenye bango lake bustanini, andika barua uulize. Filamu fupi za katuni za taasisi ya Blender, kama Big Buck Bunny ya mwaka 2008, zina leseni ya BY. Hiyo haina mazungumzo, kwa hiyo kila mtu huielewa, na kwa dakika zake kumi hivi inafaa sana kufungulia jioni.

Hatua ya 4: Panga jioni kwa kufuata giza

Usiandike kwenye bango kwamba filamu itaanza jua likizama. Anga huanza kufaa jua likishuka nyuzi 6 chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta hilo huchukua zaidi kidogo ya dakika 20. Ukiwa mbali na ikweta wakati wa kiangazi, dakika 40 au zaidi. Hata baada ya hapo bado kuna mwanga, kwa hiyo jaza muda huo kwa vitu ving'avu: katuni, filamu fupi zilizopigwa mchana, mahojiano mafupi na watengenezaji filamu waliopo. Filamu yenye usiku mwingi ndani yake iwe ya mwisho.

Jumla isizidi saa mbili na nusu. Zilizo za watoto zitangulie, na kabla ya yenye mambo mazito tangaza wazi kwenye kipaza sauti, wazazi wapate dakika tano za kukunja mikeka bila aibu.

Hatua ya 5: Skrini na projekta

Hesabu ya mwanga ni rahisi. Kiwango cha kawaida cha mng'ao wa skrini katika sinema za ndani ni niti 48, na kwa kitambaa cheupe kisicho na mng'aro hiyo ni kama luksi 150 zinazokipiga. Zidisha eneo la skrini kwa 150 upate lumeni, yaani jumla ya mwanga ambao projekta inapaswa kuutoa. Skrini ya mita 5 kwa 2.8 ina mita za mraba 14, yaani lumeni 2,100. Lakini taa ya projekta hufifia kwa umri, na namba zinazoandikwa kwenye maboksi mara nyingi zina chumvi, kwa hiyo tafuta yenye 3,500 hadi 4,000 zilizopimwa kwa viwango rasmi vya ANSI au ISO.

Sasa rudi kwenye ile taa ya njiani. Ikidondosha luksi 10 tu juu ya kitambaa, sehemu nyeupe kabisa ya picha itakuwa na mwanga mara 16 tu ya sehemu nyeusi kabisa. Nyuso za watu kwenye mandhari ya usiku zitapotea. Kuifunika taa hiyo moja kutakusaidia kuliko kukodi projekta ya bei mara mbili.

Umbali wa projekta unatokana na uwiano wa umbali kwa upana wa picha, ulioandikwa kwenye kijitabu chake. Ukiwa 1.5, skrini ya mita 5 inataka projekta iwe mita 7 na nusu nyuma, ambako ni mstari wa mbele wa watazamaji. Izungushie uzio mdogo na uwaweke watu wazima karibu nayo. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.2 hadi 1.5 juu ya ardhi. Sabtaitoli hukaa chini ya picha, na kichwa cha mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti kirefu huweza kuwanyima watu kumi mazungumzo yote.

Upepo uheshimu sana. Kwenye mita 10 kwa sekunde, skrini hiyo ya mita za mraba 14 inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 hivi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Vigingi vifupi vya hema havitoshi. Tumia kamba kutoka pembe zote nne, mbele na nyuma, kila moja kwenye kigingi kirefu au mifuko ya mchanga iliyopimwa. Mteue mtu mmoja mwenye kipimo cha upepo na mamlaka ya kusema shusheni, na akisema asibishiwe na yeyote, hata mwenyekiti.

Hatua ya 6: Sauti

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu kizuri, kiwe sauti. Picha hafifu watu huivumilia. Wasiposikia maneno huanza kuongea wao kwa wao, na walio mbele yao nao hawasikii tena, hivyo hivyo hadi mstari wa kwanza.

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Aliyeketi mita 4 kutoka kwenye spika na aliyeketi mita 32 wanatofautiana desibeli 18. Ukimwongezea wa nyuma, wa mbele anaziba masikio. Suluhisho la kwanza ni kuinua spika juu ya vichwa, mita 2.5 au zaidi, na kuzielekeza kwenye mstari wa mwisho, sauti iwapite wa mbele kwa juu. La pili ni kuweka spika mbili ndogo katikati ya uwanja.

Hizo za katikati zicheleweshwe. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kwenye skrini hadi mita 20 inatumia milisekunde 59. Spika ya mita 20 isiposubiri, walio nyuma watasikia kila neno mara mbili. Weka milisekunde 59 kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, kisha ongeza kama 10, na sikio litaamini sauti yote inatoka kwenye skrini.

Halafu jaribu hivi. Chagua mahali kwenye filamu ambapo watu wawili wananong'ona. Nenda kwenye mkeka wa mwisho, kaa chini kabisa, usisimame, na uandike wanachosema. Ukikosa maneno, rudi urekebishe. Mara moja nilimkuta bibi mmoja pale nyuma ameupa mgongo skrini, amegeuza kiti chake kuelekea spika, sikio moja mbele, kiganja nyuma yake. Alikuwa ameamua kuiacha picha ili apate maneno. Sitaki kumwona mtu tena akilazimika kuchagua hivyo. Sabtaitoli nazo ziwepo hata kama filamu ni ya lugha yenu, kwa ajili yake na kwa ajili ya viziwi.

Hatua ya 7: Umeme

Jumlisha wati za vyombo vyote: projekta, spika, mikisa, kompyuta, na kipulizo kama skrini ni ya kujazwa hewa. Mara nyingi utafika wati 2,000, na jenereta ya kVA 3 aina ya inveta itabeba bila kuyumba. Iweke mbali, mita 40 au 50, upande ambao upepo unaupeleka moshi nje ya watu, na isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Waya wa umbali huo uwe wa milimita za mraba 2.5. Kama waya umekunjwa kwenye gurudumu lake, ufungue wote hadi mwisho. Ukibaki umezungushwa huku unabeba mzigo, hupata joto na unaweza kuyeyuka. Kila soketi ya nje ipitie swichi ya usalama inayokata umeme kwa uvujaji wa miliampea 30. Waya unaovuka njia ya watu ufunikwe kwa mpira, si kwa gazeti.

Hatua ya 8: Watu wako

Kwa watazamaji 300 mimi hupenda kuwa na watu 15 wa kujitolea, wote na vizibao vinavyong'aa. Wawili lango kuu, wawili kwa watoto waliopotea, mmoja upepo, wawili huduma ya kwanza, waliobaki kwenye njia. Njia za kupita zichorwe kwa chokaa kabla watu hawajafika, maana mkeka ukishatandikwa hauhamishiki. Mikeka mbele, viti vifupi katikati, viti virefu nyuma na pembeni. Wenye viti vya magurudumu watengewe nafasi kwenye ardhi ngumu, katikati ya uwanja, wakae na jamaa zao. Usiwapange kwenye ukingo kana kwamba ni wageni.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Filamu zote ziwe kwenye diski mbili zinazofanana, kila moja imefunguliwa na kutazamwa mwanzo, katikati na mwisho kwenye kompyuta ileile itakayotumika. Diski hizo ziandae kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao exFAT. Mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili inayozidi gigabaiti 4, na utaligundua hilo wakati mbaya. Zima taarifa zote za kompyuta, masasisho na kioo kinachojizima chenyewe.

Skrini iwe imesimamishwa muda wa saa nne kabla ya onyesho. Sauti ijaribiwe kukiwa na mwanga, picha mara giza linapoanza. Projekta iwe na kibanda kilicho wazi nyuma ili ipumue, na kitambaa kikavu karibu, kwa sababu umande hukaa kwenye lenzi. Uamuzi wa mvua ufanywe kwa saa maalumu iliyotangazwa kwenye bango, kwa mfano saa nane mchana, na tarehe ya akiba iwe tayari imeruhusiwa na wenye filamu.

Filamu ya mwisho ikiisha, washa taa za njia kwanza, za uwanja baadaye, polepole. Acha majina ya waliotengeneza yapite hadi mwisho hata kama watu wanaondoka. Kuna mtu pale bustanini amemleta mama yake amwonyeshe jina lake. Projekta usiichomoe kabla feni yake haijasimama. Gawa mifuko ya taka mkononi mwa watu wakiwa bado wamekaa, okoteni kwa tochi usiku huohuo, na mrudi asubuhi kung'oa vigingi vyote kwa kuvihesabu, kwa sababu kimoja kilichobaki kwenye nyasi kitamkata mguu mtoto wa kesho yake. Ndani ya wiki moja mwandikie kila mwenye filamu: watu wangapi waliitazama, walicheka wapi, walinyamaza wapi.